Sarufi na kusoma katika TOEFL ITP: jibu kwa ndugu wa Kasumbalesa

Barua imefika kutoka Kasumbalesa, mji wa mpakani kati ya Kongo na Zambia, kwa kijana aliyemaliza jiolojia Chuo Kikuu cha Lubumbashi na ambaye kwa sasa anafanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo mpakani. Naifupisha: "Mwalimu, jambo. Nimeomba nafasi ya masomo ya juu, na wananidai alama 550 za TOEFL ITP, ule mtihani wa Kiingereza. Mtihani utafanyika Lubumbashi baada ya wiki nane. Kusikiliza hakunitishi, kutwa niko na madereva wa Zambia. Ila nimejipima nyumbani kwa kitabu cha mazoezi: sarufi nimepata 19 kwa 40, kusoma 24 kwa 50, na muda umeniishia kote kuwili. Nianzie wapi? Nirudie sarufi yote tangu mwanzo? Rafiki yangu anasema nikariri maneno elfu tatu. Wiki nane zinatosha kweli?"

Ndugu yangu, kwa sarufi zinatosha kabisa. Kwa kusoma zinatosha ukianza leo jioni, siyo Jumatatu ijayo.

Tupige hesabu kwanza, maana wengi huingia kwenye mtihani huu bila kujua alama zinatoka wapi. Sehemu ni tatu: kusikiliza, maswali 50 kwa dakika 35 hivi, sarufi, maswali 40 kwa dakika 25, kusoma, maswali 50 kwa dakika 55. Majibu yako ya kila sehemu hugeuzwa kuwa alama ya kipimo, kati ya 31 na 68 (kusoma huishia 67). Hizo tatu hujumlishwa, zikazidishwa kwa kumi, zikagawanywa kwa tatu. Ndiyo maana jumla ya chini kabisa ni 310 na ya juu kabisa ni 677. Wewe ukitaka 550, unahitaji jumla ya 165 kutoka sehemu tatu. Tuseme kusikiliza kunakupa 54. Zinabaki 111 za kutafuta kwenye sarufi na kusoma, mfano 57 na 54.

Sasa angalia vizuri: dakika 25 za sarufi zina uzito uleule wa dakika 55 za kusoma. Na kati ya hizo mbili, sarufi ndiyo inayopanda upesi, kwa sababu makosa inayoyatafuta ni machache na yanajirudia. Kusoma hupanda polepole, kama mtoto anavyokua. Humwoni akirefuka, unashtuka tu suruali imekuwa fupi. Kwa hiyo wiki tatu za kwanza weka nguvu kubwa kwenye sarufi, lakini usiache kusoma ukurasa mmoja au miwili kila siku.

Nirudie sarufi yote? Hapana. Kile kitabu kinene chenye sura ya nyakati kumi na mbili kiache kabatini. Mtihani huu haukuombi utunge sentensi hata moja. Maswali 15 ya kwanza yanakupa sentensi yenye pengo na majibu manne. Maswali 25 yanayofuata yanakupa sentensi kamili yenye sehemu nne zilizopigiwa mstari, nawe useme ipi ina kosa; hata kuisahihisha huombwi. Kila swali lina sekunde kama 37. Mtu anayesoma sentensi nzima, akaitafsiri neno kwa neno, kisha akajiuliza kanuni inasemaje, hafiki swali la 30. Nafikiri hapo ndipo muda wako ulipoishia.

Kitu cha kufanya katika sekunde tano za kwanza ni kimoja: tafuta kitenzi kikuu na mwenye kitenzi hicho, yaani kiima. Nakuonyesha kwa sentensi niliyoitunga kwa ajili yako, mtu wa miamba:

"The method used to separate copper from rock ______ large amounts of water."

Majibu: A "requiring", B "requires", C "which requires", D "it requires".

Darasani kwangu nusu ya watu huchagua A au C. Ukiwauliza kwa nini, wanasema kitenzi kiko tayari, ni "used". Hapo ndipo mtego ulipo. "Used" inafanana na kitenzi cha wakati uliopita, lakini hapa siyo. Ihamishe kwa Kiswahili: njia inayotumika kutenganisha shaba na mwamba... Unaona ile "-yo-" iliyojipenyeza ndani ya kitenzi? Kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi ungesema "njia yenye banatumika nayo". Kiswahili kinalazimika kutia "-yo-" au "yenye", Kiingereza kinameza "which is" na kunyamaza. Basi ukikuta neno la "-ed" au mfano wake, lihamishe haraka kichwani: likidai "yenye", si kitenzi kikuu, na kitenzi kikuu bado kinatafutwa. Njia inayotumika kutenganisha shaba na mwamba inahitaji maji mengi. Jibu ni B. D nayo imekosea kwa sababu "the method" tayari ndiye mwenye kitenzi, hahitaji "it" aje kumsaidia.

Hiyo "it" ni ugonjwa wetu sisi wa Kiswahili hasa. Kwetu kitenzi hakitembei bila kiambishi cha mwenyewe: mutu anakuya, batu banakuya. "Mutu" ametajwa, na "a-" imemtaja tena. Tukivuka kwenda Kiingereza tunavuka na mzigo huo: "Cobalt, which is often found together with copper, it is used in batteries." Masikio yetu hayasikii kosa lolote. Kiingereza kinaona wenye nyumba wawili. Futa "it". Sentensi ya namna hii huja katika sehemu zote mbili za sarufi, na umbali kati ya jina na "it" ukiwa mrefu ndivyo wengi wanavyozidi kunaswa.

Ugonjwa wa pili wa nyumbani ni viunganishi viwili. Mwalimu wako wa shule ya msingi hakukukataza kusema "ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja". Kwa Kiingereza, "Although gold conducts electricity well, but it is too expensive for ordinary wires" ni kosa: chagua "although" au "but", usizibebe zote mbili. Vilevile "because" na "so" hawakai sentensi moja kwa kazi hiyo.

Kuna hesabu ndogo hapa inayookoa maswali mengi. Hesabu vitenzi vyenye wakati, kisha toa kimoja: hiyo ndiyo idadi ya viunganishi inayotakiwa. "The Zambezi River, ______ rises in northwestern Zambia, empties into the Indian Ocean." Vitenzi viwili, "rises" na "empties". Kiunganishi kimoja basi, nacho hakionekani popote, kwa hiyo ndicho kilichokatwa: "which". Huhitaji kujua Zambezi inaanzia wapi, wala kujua kwamba jina la kanuni hiyo ni kishazi rejeshi. Hesabu tu, kama unavyohesabu makasha kwenye lori kabla ya kusaini karatasi. Angalizo moja: vitenzi vinavyofuatana kwa "and" vikiwa na mwenye mmoja, hiyo "and" ndiyo kiunganishi chao, usitafute kingine.

Kuhusu umoja na wingi, Kiswahili kinakusaidia kuliko unavyodhani. Soma hii: "The quality of the minerals found in these rocks vary from place to place." Kosa liko kwenye "vary", lakini jicho linapita kwa sababu jirani yake ni "rocks", wingi. Kwa Kiswahili sanifu ungeandika: ubora wa madini yanayopatikana katika miamba hii unatofautiana. Ile "u-" iliruka juu ya madini, ikaruka juu ya miamba, ikarudi kumshika ubora bila wewe kufikiri. Mkono unaojua ngeli unajua tayari kwamba kitenzi hakimfuati jirani bali kinamfuata mwenyewe. Tumia mkono huohuo. Funika kwa kidole kila kinachoanza na "of", "in", "with", "found", soma kilichobaki: "The quality vary". Limejitokeza lenyewe.

Mahali ambapo Kiswahili kinakudanganya ni maji. Maji kwetu ni wingi: maji yanatiririka, maji mengi. Mafuta, maziwa, mazingira, vyote vinavaa wingi. Kwa Kiingereza "water" na "oil" ni umoja usiohesabika: "much water", "the oil is". Kifaransa kinaongeza mtego wake juu ya huo: "des informations", "des conseils", "des recherches", vyote na "s". Kwa Kiingereza "information", "advice", "research", "equipment", "furniture" havivai "s", na kitenzi chao ni cha umoja. Hata "news", ambayo ina "s" tangu kuzaliwa, ni umoja. Andika maneno hayo sita kwenye karatasi, bandika ukutani juu ya meza. Kama una mke atakuuliza, mweleze, anayeeleza hasahau.

Lakini Kifaransa ni mali pia, na hapa sisi wa Kongo tunawazidi wenzetu wa Dar es Salaam bila kujua. Maswali mengi ya kutafuta kosa ni ya umbo la neno: sifa imewekwa mahali pa jina, au sifa mahali pa kielezi. "Cobalt is wide used in the production of batteries" inataka "widely". Aliyesoma Kifaransa shuleni anajua tayari kwamba "-tion" ni jina, "-té" ni jina na kwa Kiingereza huwa "-ty", "-eux" ni sifa na huwa "-ous". Uangalifu unatakiwa mahali pamoja: "-ment" ya Kifaransa hutengeneza kielezi, kama "rapidement", ilhali ya Kiingereza hutengeneza jina, kama "development". Kielezi cha Kiingereza ni "-ly". Ukishalijua hilo, utaona maswali kama manne au matano ya kila jaribio yanajibika kwa kutazama mkia wa neno peke yake.

Mfululizo nao usiusahau: "Copper is valued for its color, its strength, and it resists corrosion." Vitu vitatu vikipangwa mstari, vyote vivae nguo moja. Jina, jina, kisha sentensi nzima? Inatakiwa "its resistance to corrosion". Ukiona koma mbili na "and", simama papo hapo ulinganishe.

"A", "an" na "the" sitakaa nazo sana, maana hakuna anayezimaliza kwa wiki nane. Jua tu kwamba "an" hufuata sauti, siyo herufi ("an hour", lakini "a university"), na kwamba jina la kuhesabika likiwa moja haliendi uchi. Kuna pia zile sentensi zinazoanza na "rarely", "never", "not only" na kugeuza mpangilio: "Rarely is copper found in pure form." Wenye Kifaransa mnalijua umbo hilo kwa "à peine était-il arrivé". Utakutana na moja au mbili, basi.

Sasa mazoezi yenyewe. Kosa kubwa ninaloliona ni mtu kufanya majaribio kumi, akahesabu alama, akafurahi au akanuna, akaendelea. Wewe fanya machache lakini uyachimbe. Chukua daftari dogo la kurasa 48. Kila swali ulilokosa, andika sentensi nzima kwa mkono, chini yake andika sababu kwa maneno yako, Kiswahili kitupu: "wenye nyumba wawili", "jirani alinidanganya", "ilitaka yenye", "maji". Usiandike jina la kanuni kutoka kitabuni, halitakusaidia katika sekunde 37. Baada ya majaribio mawili hesabu kila ugonjwa umejirudia mara ngapi. Nimekagua madaftari ya namna hii kwa miaka, na karibu kila mtu nimekuta ana magonjwa manne au matano, si ishirini. Uliyekosa 21 kwa 40, sitashangaa 12 kati ya hayo yakiwa kosa moja lililovaa mashati tofauti.

Tuje kwenye kusoma.

Utapewa vifungu kama vitano, kila kimoja na maswali kumi hivi. Dakika 55 kwa vifungu vitano ni dakika 11 kwa kimoja, na hapo ndani kuna kupaka viduara vya karatasi ya majibu. Mimi hugawa hivi: dakika tatu kusoma, saba kujibu, moja ya akiba. Katika hizo tatu soma sentensi ya kwanza ya kila aya kwa utulivu na nyingine kwa kuteleza. Lengo ni kujua kitu gani kiko wapi, kama unavyojua ndani ya ghala bidhaa gani iko kona gani bila kufungua kila boksi. Maswali kwa kawaida hufuata mwendo wa kifungu, la kwanza likiuliza wazo kuu. Hilo la wazo kuu liruke, ulijibu mwisho. Ukishajibu tisa yaliyobaki utakuwa umelijua bila kulitafuta.

Maneno elfu tatu? Rafiki yako anakutakia mema lakini anakupotezea wiki. Swali la msamiati haliulizi neno lina maana gani katika kamusi, linauliza lina maana gani katika mstari ule. Soma hiki kifupi:

"Long before industrial mining began in the region, smelters cast copper into small crosses. These circulated widely as currency. Although they varied in weight, their shape was easily recognized, and eventually they turned up in graves far from the furnaces where they had been made."

Ile misalaba ya shaba, "croisettes", mtoto gani wa Katanga hajaiona? Swali: neno "cast" lina maana iliyo karibu na lipi kati ya "threw", "molded", "sold", "mixed"? Aliyekariri orodha anajua "cast" ni kutupa, anachagua "threw" akiwa na furaha. Aliyesoma mstari anaona wayeyushaji, shaba, misalaba, na anajua waliimimina kwenye kalibu: "molded". Karibu kila mara mtihani utakuwekea maana ya kwanza ya kamusi kama chambo. Fanya hivi: funika majibu, weka neno lako mwenyewe mahali pa lile lililoulizwa, hata kwa Kiswahili, ndipo ufunue uone lipi linalifanania.

Swali la pili la kawaida: "they" katika "they turned up" inarejelea nini? Makaburi? Tanuri? Wayeyushaji? Rudi nyuma mpaka umpate yule anayezungumzwa tangu mwanzo, kisha mweke mahali pa "they" usome tena. "Misalaba ilionekana makaburini" inasimama. "Wayeyushaji walionekana makaburini" nayo inasimama kisarufi, lakini "where they had been made" inaiangusha, maana wayeyushaji hawatengenezwi kwenye tanuri. Usichague kwa ukaribu. Ni kosa lilelile la "rocks" na "vary".

La tatu ni lile lenye "EXCEPT" au "NOT" kwa herufi kubwa: yote ni kweli kuhusu misalaba ila lipi? Ilitumika kama fedha, ndiyo. Ilikuwa ya shaba, ndiyo. Ilikutwa makaburini, ndiyo. Ilikuwa na uzito mmoja: hapana, "varied in weight". Swali hili linakula muda wa maswali matatu kwa alama ya swali moja. Liwekee alama, lirudie mwishoni mwa kifungu.

Halafu "eventually". Kwa Kifaransa "éventuellement" ni huenda, pengine. Kwa Kiingereza "eventually" ni hatimaye, jambo limetokea. Aliyesoma kwa macho ya Kifaransa anaelewa kwamba misalaba pengine ilifika makaburini, na swali la kina litamwangusha. Hawa marafiki wa uongo ndio wa kukariri, siyo maneno elfu tatu. "Actually" ni kwa kweli, wala si sasa hivi. "Library" ni maktaba, haiuzi vitabu. "Attend" ni kuhudhuria, si kungoja. "Lecture" ni mhadhara. "Sensible" ni mwenye busara. "Deceive" ni kudanganya, haina uhusiano na kukatishwa tamaa. Thelathini za hivyo zinatosha. Maneno marefu mengine ya kisayansi mengi utayatambua bila kamusi, kwa sababu Kiingereza kiliyachukua Kilatini na Kifaransa ambako wewe pia umeyachukua: "erosion", "sediment", "abundant", "rapid". Yanayowasumbua watu wetu kwa kweli ni yale mafupi: "thus", "hence", "yet", "whereas", "unlike", "despite", "scarce", "shallow". Hayo ndiyo yanayogeuza maana ya sentensi, na ndiyo unayopaswa kuyawinda.

Wewe una hatari nyingine ya pekee. Vifungu hivi hupenda sayansi na historia ya Marekani: ndege, nyota, ufinyanzi, miamba. Ukikutana na miamba utafurahi, utajibu kwa uliyofundishwa chuoni Kasapa. Usifanye hivyo. Jibu lililo kweli duniani lakini halimo kwenye kifungu ni kosa. Nilikuwa na mwanafunzi mhandisi wa migodi aliyekosa maswali sita katika kifungu cha shaba, na hakukosa hata moja kwenye kile cha samaki. Alicheka mwenyewe.

Kwa mazoezi ya kila siku, chukua makala ya Wikipedia ya Kiingereza kuhusu jambo unalolijua tayari: volkano, mmomonyoko, urani. Uihifadhi kwenye simu ukiwa na mega za kutosha, uisome umeme ukikatika. Delestaji ya SNEL, yaani mgao wa umeme wa shirika la taifa, haiwezi kuzuia ukurasa ulio ndani ya simu yenye chaji. Soma kwa dakika 11 kwa saa mkononi, funga, andika mistari mitatu ya Kiswahili kueleza umesoma nini. Kisha fungua ukurasa wa Kifaransa wa jambo lilelile, uone ulipoelewa vibaya. Kuanzia wiki ya nne hamia kwenye mambo usiyoyajua: uchoraji, muziki, ndege wanaohama. Ukishindwa kuelewa makala kuhusu mfinyanzi wa karne ya 18, ndipo unajua kiwango chako cha kweli.

Vitabu: karibu na kampasi kuna mafotokopi ya majaribio ya zamani. Chukua lenye majibu nyuma, na hakikisha ni la ITP. Mengi yanayouzwa ni ya aina nyingine ya TOEFL, ile ya intaneti (iBT), ambayo haina sehemu ya sarufi kabisa. Na mtu akikutumia ujumbe wa WhatsApp kwamba anao mtihani wenyewe kwa dola kadhaa, mwache na dola zako zibaki mfukoni.

Majaribio kamili, kwa saa, sehemu zote tatu bila kusimama, fanya manne tu: mwisho wa wiki ya pili, ya nne, ya sita, na siku kama nne kabla ya mtihani. Kusikiliza kumo humo, na nakuonya kidogo: Kiingereza cha madereva ni kizuri cha kukuzoesha masikio, lakini mtihani una profesa anayeeleza jambo kwa mpangilio, na dereva hafanyi hivyo.

Siku yenyewe. Jibu kosa halipunguzi alama, kwa hiyo usiache kiduara kitupu hata kimoja. Zikibaki sekunde 40 na una maswali sita, paka herufi moja kwa yote sita. Ukimaliza sehemu mapema huruhusiwi kurudi nyuma wala kutangulia mbele, basi tumia dakika hizo kukagua namba. Nasema kukagua namba kwa sababu mimi mwenyewe, mara ya kwanza kufanya mtihani wa namna hii, niliruka swali la 23 nikidhani nitalirudia, nikapaka jibu la 24 kwenye mstari wa 23, nikagundua nikiwa swali la 38. Nilifuta kwa kifutio kibaya mpaka karatasi ikatoboka. Kila maswali matano, kidole kimoja kwenye namba ya swali, kingine kwenye namba ya jibu. Beba penseli mbili laini na kifutio cheupe.

Usisafiri asubuhi ya mtihani. Unaijua barabara ya Kasumbalesa kuliko mimi, na unajua foleni ya malori ikiamua kukaa inakaa. Lala Lubumbashi usiku wa kuamkia. Na kama barua ya mwaliko imeandikwa Kinshasa, wapigie uwaulize saa waliyoitaja ni ya kwao au ya kwetu: sisi tuko mbele yao kwa saa moja, na wao hulisahau hilo mara nyingi.